Kimea cha Pombe na Kimea cha Uji

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wetu wa Ipogolo, Iringa)



Barua niliyoandikiwa ilinitaka niseme machache juu ya sayansi na maendeleo. Maneno hayo mawili ni mapana kama tambarare za Usangu, na mtu akiingia humo bila mwongozo hatoki kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nimechagua kitu kinachoenea katika kiganja cha mkono, nacho ni kimea: ulezi uliolowekwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Nitasema kwa nini kinafanya kazi, na kwa nini mimi naona hapa kwetu tunakitia katika chombo kimoja na kukisahau katika chombo kingine.

Lakini siwezi kuanza na kimea hapa Ipogolo bila kwanza kuupitia ulanzi, maana nikifanya hivyo wazee walioko mstari wa mbele watasema kijana huyu amekaa mjini mno. Ulanzi mnaujua. Mvua zikishika, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, mbeta hufungwa mahali palipokatwa, na maji matamu hudondoka. Mgemaji hupita asubuhi na jioni, na kila apitapo hukata upya kidogo ili maji yaendelee kutoka. Ukinywa mapema ni kinywaji cha watoto. Ukiuacha hadi kesho, ndio ule uliokuwa ukimpa kazi mwalimu wa zamu, na humu ndani nawaona watu wasiohitaji maelezo zaidi.

Je, ni nani aliyetia kileo humo? Mgemaji hakuongeza kitu. Waliotia ni viumbe wasioonekana kwa macho, hasa hamira, waliokuwamo ndani ya mbeta tangu jana, na wengine walioletwa na wadudu na upepo. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alianza kuonyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai wadogo, wala si kuoza tu kwa vitu vilivyokufa. Kisha mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliisaga hamira pamoja na mchanga, akaikamua, akapata maji yasiyo na chembe hai hata moja, akayatia katika sukari. Sukari ikachachuka vilevile! Ikajulikana basi kwamba hamira ni kama karakana, na kwamba kazi yenyewe hufanywa na vyombo vilivyomo ndani ya karakana hiyo. Vyombo hivyo ndivyo tunavyoviita vimeng'enya. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907 kwa kazi hiyo.

Kimeng'enya ni protini. Kila kimoja kina kazi yake: hiki hukata wanga, hiki hukata sukari ya miwa vipande viwili, kile hushughulikia maziwa. Na kila kimoja hutengenezwa kwa kufuata maagizo yaliyoandikwa katika jeni yake. Sasa fikirini. Bakteria mmoja ana maelfu ya jeni. Kama angetengeneza vimeng'enya vyote kwa wakati mmoja, angekuwa kama mtu aliyewasha taa zote, pasi, redio na jiko mchana kutwa, akashangaa bili. Kiumbe mdogo kama huyo hana uwezo wa kufuja. Lazima kuwe na namna ya kuwasha na kuzima.

Namna hiyo iligunduliwa kwa subira kubwa. Huko Paris, wakati nchi ya Ufaransa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, Jacques Monod alikuwa akikuza bakteria katika chupa zenye sukari za aina mbili. Akaona jambo la ajabu, ambalo aliliandika katika tasnifu yake ya mwaka 1941. Bakteria hao walikua haraka, wakasimama kwa muda, kisha wakaanza kukua tena. Walikuwa wanakula kwanza sukari waipendayo, yaani glukosi, na hata kama ile ya pili ipo mbele yao hawaigusi. Glukosi ikiisha, husimama kidogo ili kutengeneza vimeng'enya vya kuilia ile ya pili, ndipo wanaendelea.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1961, Monod na mwenzake François Jacob walieleza jinsi inavyokuwa. Mbele ya jeni za kulia sukari ya maziwa hukaa protini iliyo kama mlinzi mlangoni, na akiwapo mlinzi huyo jeni hazisomwi. Sukari ya maziwa ikiingia ndani ya chembe, sehemu yake hugeuka kidogo, humshika mlinzi na kumwondoa mlangoni, na hapo vimeng'enya huanza kutengenezwa. Tena kama glukosi ni nyingi, hata mlinzi akiondoka kazi haichangamki. Mwaka 1965 hao wawili pamoja na André Lwoff walipata Tuzo ya Nobel. Nawaomba vijana wa kidato cha tano na cha sita wasilikariri jambo hili kwa ajili ya mtihani tu, kwa kuwa ni moja ya mambo mazuri kabisa aliyopata kuyafikiri binadamu.

Hamira nayo ina milango yake. Ikikuta sukari nyingi, kama ilivyo ndani ya mbeta, sukari hiyo huzifunga jeni nyingi za kutumia hewa, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo hata kama hewa ipo. Sukari ikiisha na hewa ikiwapo, jeni zile hufunguka, na hamira huanza kukila kileo ilichokitoa yenyewe. Bakteria wa siki nao hufika kudai sehemu yao. Ndiyo maana ulanzi uliokaa mno haumpendezi hata mlevi.

Sasa nafika kwenye kimea.

Hamira, pamoja na sifa zake zote, haiwezi kuula wanga. Unga wa mahindi ukiukoroga na maji na hamira tu hupati pombe ya maana, kwa sababu wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi zilizoshikana, na hamira hii ya kawaida haina kimeng'enya cha kuukata. Ndipo mama zetu, kabla ya Buchner na kabla ya Monod, walipojua la kufanya. Waliloweka ulezi, wakautandaza, wakaufunika, wakaunyunyizia maji kwa siku mbili au tatu hadi ukaota, wakauanika juani. Wakautia katika pombe za nafaka, ikiwamo komoni yetu.

Mbegu inapoota hufanya kama bakteria wa Monod. Mbegu kavu ina wanga tele ghalani lakini haina haja ya kuukata, kwa hiyo jeni ya kimeng'enya kinachokata wanga, kiitwacho amilesi, imefungwa. Maji yakiingia, kiini cha mbegu huamka na kutoa homoni iitwayo jibarelini. Homoni hiyo hufika kwenye tabaka jembamba lililozunguka ghala la wanga, na huko husababisha protini iliyokuwa imeizuia jeni ivunjwe. Jeni hufunguka, amilesi hutengenezwa kwa wingi na kumiminwa ghalani ili mche mchanga upate chakula. Mambo haya yamechunguzwa zaidi katika shayiri, kwa sababu wenye viwanda vya bia wana fedha za utafiti kuliko wakulima wa ulezi. Lakini mama anayeotesha ulezi wake uani anaifungua milango ya namna hiyohiyo. Akiuanika juani, anausimamisha mche huku kimeng'enya kimebaki, kimelala ndani ya unga, kinangoja maji.

Kutokana na hayo utaona kwa nini desturi iko kama ilivyo. Ulezi uliolowekwa usiku mmoja tu haufai, kwa kuwa jeni zimeanza tu kazi. Ulioota siku nyingi mno nao haufai, kwa kuwa mche umekwisha kula ghala. Na kimea kilichotiwa katika chungu kinachotokota hakifanyi kitu, maana kimeng'enya ni protini, na protini huharibiwa na moto kama ute wa yai.

Ndugu Mwenyekiti, hadi hapa huenda mtu akasema: vema, tumejifunza kutengeneza komoni. La hasha. Sikupanda basi kutoka mbali kwa ajili hiyo.

Mchukueni mtoto wa mwaka mmoja mwenye uzito wa kilo 10. Tumbo lake hubeba kiasi cha gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 300 kwa mlo mmoja, kikombe kimoja kikubwa. Sasa mama anapika uji wa mahindi. Wanga ukipikwa huvimba na kushika maji mengi, kwa hiyo ili uji unyweke hawezi kutia zaidi ya gramu 6 au 7 za unga katika kila gramu 100 za uji. Tufanye hesabu pamoja. Katika kikombe kile mtoto anapata gramu 18 hivi za unga, zisizofika kilokalori 70. Kilichobaki ni maji ya moto. Mtoto ameshiba, tumbo limejaa kama ngoma, lakini ana njaa. Mama akitia unga mara tatu, chakula kinakuwa ugali, na mtoto mchanga hawezi kukimeza.

Hapo ndipo kimea kinapoingia. Pika uji mzito wenye gramu 20 za unga katika kila gramu 100. Uteremshe, uache upoe hadi uwe wa moto wa kuvumilika. Tia kijiko cha kimea cha ulezi, koroga. Katika dakika chache, mbele ya macho yako, uji ule mzito hulegea na kuwa mwepesi wa kunyweka, maana amilesi imekata minyororo iliyokuwa ikishika maji. Rudisha jikoni uchemke kidogo ili kuua vijidudu vilivyokuja na unga wa kimea. Kimeng'enya kitakufa wakati huo, lakini kazi yake imekwisha. Sasa kikombe kile kile kina gramu 60 za unga na zaidi ya kilokalori 200. Haukuongezeka mwanasesere wala dawa kutoka ng'ambo; umeongezeka unga wa nyumbani na kijiko kimoja.

Mambo haya hayakugunduliwa jana. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1983 mtaalamu wake A. C. Mosha, akishirikiana na Ulf Svanberg wa Sweden, alitangaza utafiti juu ya vyakula vya kulikiza watoto vilivyotengenezwa kwa unga wa nafaka zilizooteshwa. Baadaye Wilbald Lorri na wenzake waliendelea na togwa.

Togwa inastahili maneno yake. Uji hupikwa, hupoozwa, hutiwa kimea, na mara nyingi hutiwa pia togwa kidogo ya jana, kisha huachwa hadi kesho yake. Amilesi hukata wanga kuwa sukari, na bakteria wa asidi ya laktiki huila sukari hiyo na kuifanya chachu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao wa Norway, waliichunguza togwa na kutangaza matokeo yao mwaka 2003. Bakteria waliotawala ni Lactobacillus plantarum, aliyebadilishwa jina mwaka 2020 na wenye kubadilisha majina, na katika muda wa siku moja kipimo cha uchachu hushuka chini ya 4. Wengi wa bakteria wanaoleta kuhara hawastawi katika uchachu huo. Utafiti wa Kingamkono na wenzake, uliofanyika hapa Tanzania na kutangazwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa walipungua kuonekana na bakteria wa kuhara katika choo chao. Tena kuna jambo la madini ya chuma. Nafaka zina kitu kiitwacho fitati, ambacho hushika chuma na kukinyima mwili. Kuchachusha pamoja na kimea huamsha kimeng'enya kingine, fitesi, kinachokivunja.

Togwa ya jana inayotiwa kuanzishia ya leo nayo ina maana. Bakteria wake ni wengi na wako tayari kwa chakula kile kile, hawana haja ya kusimama kama wale wa Monod. Wanawahi kuutia uji uchachu kabla adui hajajikusanya. Lakini ieleweke: togwa ina hamira pia, na ikikaa siku nyingi huanza kuwa na kileo. Ya mtoto ni ile ya siku ya kwanza.

Sasa niseme lililonileta. Mkoa huu wa Iringa, ukiwa bado umeunganika na Njombe, ambayo ilikuwa mkoa wake mwaka 2012, ulipata sifa duniani kwa jambo la lishe. Mwaka 1983 ulianza Mpango wa Lishe wa Iringa, uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, mbele ya wazazi, na kijiji chenyewe kikakaa kujiuliza: hali ikoje, sababu ni nini, tufanye nini. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya wanne katika kila kumi, na wale wenye upungufu mkali walishuka kutoka kiasi cha 6 hadi chini ya 2 katika kila 100. Mfano huo wa Iringa ulichangia mwongozo wa lishe ambao UNICEF iliutoa mwaka 1990 na kuutumia duniani.

Leo je? Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 umeonyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni 30 katika kila 100. Iringa ni 57. Hakuna mkoa mwingine wenye hesabu kubwa kama hiyo, na Njombe inatufuata kwa nusu ya watoto wake. Kudumaa ni kipimo cha urefu, si uzito, kwa hiyo mtu asizilinganishe hesabu hizi na zile za 1988 moja kwa moja. Lakini aibu iko pale pale. Malori ya mahindi yanapita hapa Ipogolo mchana na usiku kwenda kulisha mikoa mingine, na mtoto wa mkulima aliyeyalima ni mfupi kuliko umri wake.

Sisemi kimea peke yake kitaondoa hayo. Mtoto anahitaji maharage, mboga, mayai na maziwa. Anahitaji kulishwa mara nne au tano, na mama aliye shambani tangu alfajiri hana mikono minne. Anahitaji maji safi na choo. Mtu akikuambieni kwamba unga mmoja huponya udumavu, mwulizeni anauza nini. Ninalosema ni dogo zaidi, na kwangu mimi linauma zaidi. Pitieni nyumba zetu. Kimea kipo. Ulezi uliooteshwa umeanikwa juu ya mkeka, na kila mmoja anajua unakwenda wapi: kwenye pipa la pombe. Katika nyumba hiyo hiyo, hatua 10 kutoka kwenye pipa, mtoto anapewa uji wa maji. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Imekuwa desturi tu kwamba kimea ni mali ya pombe, na togwa nayo, ambayo zamani ilinywewa na mkubwa na mdogo, siku hizi vijana wanaona haya kuinywa mbele ya wenzao wenye soda.

Kuna tahadhari mbili ambazo sitaki mtu azikose. Kwanza, kwa mtoto tumieni ulezi, si mtama. Mche wa mtama unaoota hutengeneza kitu kinachoweza kutoa sumu ya sayanidi. Ulezi hauna hatari hiyo. Pili, nafaka yenye ukungu isitumike kwa kimea wala kwa uji. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, na kuchachusha si kinga ya kutegemea. Kimea hukaa na unyevu siku kadhaa, kwa hiyo ndicho cha kwanza kuota ukungu. Kikinuka uvundo au kikionyesha rangi ya kijani au nyeusi, mwageni, hata kama inauma.

Nanyi vijana, jaribio la mate na wanga mmelifanya wote. Lifanyeni tena kwa kimea. Chukueni uji mzito, ugaweni katika vikombe vitatu. Kimoja msitie kitu. Cha pili mtie kimea. Cha tatu mtie kimea kilichokorogwa na maji na kuchemshwa kwanza. Baada ya robo saa mimineni na tazameni kipi kinatiririka, kisha katika kila kimoja dondosheni iodini na kulinganisha rangi. Rudieni kwa ulezi ulioota siku moja, mbili, tatu na nne. Wekeni hesabu kwenye daftari, na mwakani mtusomee katika mkutano huu. Halafu, mkienda likizo, mpikieni mdogo wenu kikombe cha pili, na msisahau kukichemsha tena.

Ndugu Mwenyekiti, ulezi wa kuotesha nimeukabidhi kwa mwalimu wa biolojia asubuhi ya leo, kilo tano, unatosha madarasa yote. Sasa niko tayari kwa maswali, ila ya ulanzi naomba yaje mwisho.